Uso wa Pijo Usiguswe

Siku mliyoniaga pale gereji Mbarara, nikistaafu, mlinikatia keki yenye umbo la gari. Aksanti sana, na keki ilikuwa tamu, sitasema uongo. Lakini vijana wangu, katika magari yote ambayo binadamu wameyatengeneza chini ya jua hili, mkaenda kuchagua lile. Taa zake nyembamba kama macho ya mtu anayesinzia kanisani, na mdomo umeachama kama kambare aliyetolewa ziwani. Mimi niliyenyoosha mabati mpaka mgongo wangu wenyewe ukapinda, mnaniaga kwa kambare. Nilikula kipande cha nyuma, upande wa buti, kwa sababu uso wake ulinikata hamu.

Inosenti, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu upande wa bodi, na ambaye nilimpokea hajui hata nyundo inashikwa wapi, aliniomba niandike niliyoyaona kazini ili mpate cha kusoma wakati rangi inakauka. Nimekubali. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayo mnayazungumza vya kutosha bila mimi. Nitaandika juu ya bati na sura za magari. Halafu nitaandika juu ya jambo moja ambalo huyo huyo Inosenti anataka kulifanya hapa kambini Nakivale, jambo ambalo nikilifikiria chakula hakishuki.

Kazi niliianza Uvira, kule Kongo, kwa mzee mmoja tuliyemwita Papa Leo. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake, na bati la paa lilikuwa limetoboka kuliko gari lolote aliloletewa. Siku ya kwanza nilifika nimekaza mikono, nikijua nitapewa nyundo. Akanipa kipande cha fulana kuukuu. Akaniambia nikiweke juu ya kiganja, nifumbe macho, nipapase mlango wa gari lililokuwa limetoka kugongwa na kunyooshwa. Kiganja kitupu kinadanganya, alisema, kinakwama kwa jasho. Kikiwa na kitambaa kinateleza, na kila bonde na kila kilima kinajisema chenyewe. Nilipapasa milango msimu mzima. Mama yangu alimuuliza kama ananifundisha ufundi au kupiga pasi.

Jua likishaanza kulala, Papa Leo alimwagia bati maji. Bati likiwa limelowa, mwanga unapita juu yake kama uzi. Uzi ukivunjika, hapo bado hapajanyooka, rudi na nyundo. Hamna kompyuta inayoshinda hapo mpaka leo, na nasikitika kuwaambia kwamba wengi wenu mnamwaga maji kwa ajili ya kuosha tu.

Kwa maji hayo hayo ndipo aliponifundisha sura za magari. Papa Leo aliamini kila kiwanda kina umri wake wa kupendeza, kama mtu, na fundi asiyeujua umri huo atanyoosha bati bila kujua anarudi wapi. Wafaransa wa Sitroeni, alisema, walifika kileleni miaka ya hamsini, na lile gari lao refu ambalo paroko alikuwa nalo. Ukiliwasha linainuka, nyuma kwanza, kama ng'ombe anayeamka zizini. Baada ya hapo walikuwa wanatafuta njia ya kushuka. Volkswageni walipatia tangu mwanzo kabisa, na lile kobe, na bahati mbaya ya kupatia mwanzoni ni kwamba maisha yote yaliyobaki ni ya kuharibu. Benzi aliwapa miaka ya sabini mwishoni mpaka themanini ilipofika katikati: gari pana, tulivu, halijisifu, na ukilitazama kwa mbele linakutazama kwa heshima.

Na Pijo. Akifika kwa Pijo alikuwa anasimama. Miaka ya sitini ikiisha, walitoa ile 504, taa zake zimekatwa pembeni kidogo kwa juu, kama jicho la mwanamke anayekusikiliza lakini hakuamini. Mstari wake unaanza kwenye taa ya mbele na kufika taa ya nyuma bila aliyeuchora kuinua mkono. Papa Leo alisema huo ndio upeo wa kazi ya binadamu kwenye bati, na mimi nimezeeka nikitafuta sababu ya kumpinga, sijaipata.

Wajapani alikuwa hajawaamua. Hilo nimeongeza mimi: Toyota walikuwa na miaka ya themanini kwa ile Landikruza ya pembe, yenye uso wa sanduku la kuaminika, na tisini kwa ile Korola ambayo hapa Uganda inaitwa Kikumi. Kikumi haipigi kelele, na haina kona hata moja ya kuonea haya. Halafu sijui nini kiliwapata wote, Wajapani, Wajerumani na Wafaransa, kana kwamba walikutana hoteli moja wakalishwa kitu. Wale Wajerumani wa pua mbili, zamani pua zao zilikuwa ndogo, nzuri, za mbuzi. Leo pua zimeshuka mpaka kidevuni. Nani aliwaomba?

Vita vilipotufukuza, Papa Leo alibaki, na mimi nilivuka kuja Uganda na mke wangu Furaha na binti yetu Neema, ambaye alikuwa bado wa kubebwa. Tukapokelewa Kabazana, kituo cha wageni hapa Nakivale. Wakati wenzangu wanasubiri kugawiwa kiwanja, mimi nilikuwa nazunguka magari yaliyoleta chakula, nikiyapapasa na kile kitambaa. Askari mmoja aliniuliza naiba nini. Nikamwambia dereva wake aliwahi kugonga kitu upande wa kushoto na aliyenyoosha alikuwa na haraka. Dereva akacheka, akaniambia kuna mtu Mbarara anatafuta fundi bodi.

Mtu huyo alikuwa Tumwine, bosi wetu, mnamjua. Mara ya kwanza aliniangalia kiatu mpaka kofia, akanionyesha Benzi la mfanyabiashara wa matoke lililokuwa limebiringika kule Rugaaga. Paa limelala juu ya viti. Mafundi wake walishakubaliana likatwe na kuuzwa kama vyuma. Lilikuwa Benzi la miaka ile ile ya Papa Leo, na damu ilinichemka. Niliwaambia kwa Kiswahili chetu cha Kivu kwamba anayetaka kulikata anikate mimi kwanza. Hawakuelewa maneno yote ila walielewa uso wangu. Nililinyanyua paa kwa jeki ya lori na gogo la mkaratusi, kidogo kidogo, nikigonga kwa nje huku nimeshika doli kwa ndani, kile kipande cha chuma cha kuzuia nyundo isitoboe. Lilipotoka, Tumwine mwenyewe alilimwagia maji, akachuchumaa kuangalia mwanga. Kuanzia hapo nilikuwa nalala Mbarara siku za kazi na kurudi Nakivale mwisho wa juma, na maisha yakaendelea hivyo.

Kitu kingine nilichopewa na Papa Leo ni alama. Kila bati alilolimaliza alilipiga nukta tatu ndogo kwa ncha ya msumari, upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mwenye gari anayetazama. Si kwa ajili ya kujisifu. Alisema ni ili siku likirudi limeharibika ujue wa kumlaumu ni nani. Mimi pia napiga nukta tatu. Mtaziona nyingi Mbarara mkiinama.

Sasa nije kwenye Pijo ya kwaya, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Mamas wa kwaya yetu hapa Nakivale waliipata kwa mkulima mmoja wa Ngarama, Pijo 504 ile ndefu ya familia, kuku walikuwa wanatagia ndani. Waliniita niitazame, wakitegemea nitasema haifai. Nilipofuta mavi ya kuku kwenye taa nikaona zile pembe zilizokatwa, machozi yakanitoka mbele ya mamas wote, na Furaha mke wangu akawaambia wasishangae, kwake sijawahi kulia hivyo. Niliitengeneza mwisho wa juma kwa mwisho wa juma. Chini yote ilikuwa imeoza, nikaishona upya kwa bati la mapipa. Uso wake haukuwa na shida kubwa. Nilinyoosha, nikapaka nyeupe, basi.

Tangu hapo hiyo ndiyo gari ya mtaa wetu. Inapeleka bibi arusi kanisani siku za Jumamosi, na siku nyingine inaleta marehemu kutoka hospitali ya Mbarara, maana ni ndefu na sanduku linaingia vizuri. Mgeni anaweza kuona ajabu, sisi hatuoni. Utaratibu wetu ni mmoja: kabla ya arusi mamas wanaiosha kwa maji mengi huku wanaimba, na bibi arusi mwenyewe anaosha taa za mbele. Akimaliza kuosha taa, yaliyopita yameoshwa, gari ni lake. Mabibi arusi wengi wameosha taa zile.

Furaha naye aliletwa nayo. Aliugua, tukampeleka Mbarara, na hakurudi kwa miguu yake. Nilikaa kiti cha mbele, kando ya dereva, njia nzima. Neema alikuwa msichana mkubwa wakati huo, alikuwa ametangulia kurudi nyumbani kupanga viti uani. Sitaandika zaidi ya hapo.

Miaka ikaenda, na balaa la sura mpya likaingia Mbarara. Nyie mmelikuta tayari, mnadhani ni ufundi. Mtu ana Prado nzuri, ya miaka ambayo wachoraji bado walikuwa na akili. Anatoa boneti, bampa, madigadi na taa, anaweka uso wa plastiki uliotoka kwenye boksi, ili majirani wadhani ameagiza mpya. Mara ya kwanza nililetewa kazi hiyo na mtu anayekodisha magari ya arusi. Nilikataa. Tumwine alinijia na ule upole wake ambao ni mbaya kuliko matusi.

"Mzee, mutu anataka gari yake ikae mupya," aliniambia. "Wewe unalilia uso ya gari ya mutu mwingine."

Kweli lilikuwa la mtu mwingine. Nikafanya, shingo upande, na kwa kuwa sijui kufanya vibaya, nilifanya vizuri. Boneti lile la boksi halikukaa, nikalirekebisha kingo mpaka mianya yote ikalingana. Nikalipiga nukta tatu kwa ndani, kwa hasira. Lile gari lilipotoka getini nililigeuzia mgongo. Zikaja nyingine, na nyingine, na nyie mkafurahi, na mimi kila jioni nilikuwa narudi kwenye chumba changu nikihisi nimewavisha wazee wa watu barakoa za watoto.

Nilipostaafu nilijua angalau Nakivale nitaona uso mmoja wa kweli kila siku. Nimefika, naambiwa mabibi arusi hawaitaki Pijo tena. Wanapiga picha za kutuma kwa ndugu walioko Kanada, na wanasema Pijo inawaonyesha kama wakimbizi wa zamani. Sijui wakimbizi wa kisasa wanatakiwa waweje. Wanakodi magari kutoka Mbarara. Na gari ikikosa arusi, kwaya inakosa mafuta ya kubebea wagonjwa na maiti. Mamas wakafanya kikao. Wakakubaliana Pijo ibadilishwe sura: taa nyembamba, bampa la plastiki, yote. Na aliyejitolea kuikata uso bila malipo, kwa moyo wake mzuri, ni Inosenti. Mwanafunzi wangu.

Nilisema maneno mengi kwenye kikao hicho, mengine siyarudii hapa kwa sababu mwinjilisti alikuwepo. Wakaniambia kwa adabu kwamba wataniheshimu hivi: arusi ya Neema imekaribia, na ikiwa binti yangu mwenyewe atapanda Pijo na uso wake wa zamani, basi wengine watafuata na hakuna atakayeigusa. Nilirudi nyumbani nimeshashinda. Niliinunulia hata msasa mpya.

Neema akasema hapana. Anauza vitenge sokoni, ni mtu wa maneno machache, na hapana yake ni ya mama yake. Alikuwa ameshapata gari la Mbarara. Nililipuka. Nilimwambia amepofushwa na simu. Nilimwambia nimemlisha kwa nyundo, na leo anaona haya kupanda kitu ambacho baba yake alikishona kwa mikono. Nikamkumbusha kwamba hata kwenye arusi za rafiki zake hajawahi kwenda kuosha gari, anapitia njia ya nyuma ya soko Pijo ikiwa imesimama kanisani, anadhani sioni? Niliongea mpaka pumzi ikaisha. Alikuwa anakunja kitenge. Alimaliza kukikunja, akakiweka.

"Papa, miye siionee haya," alisema. "Ile motokari njo ilileta mama."

Nikamwambia imeleta mama za watu wengi. Nami nilikuwemo, nilikaa mbele kabisa, nimeshakaa humo mara nyingi baada ya siku ile na sijafa.

"Weye ulikuwa mu ndani. Haukuona vile ilikuwa inakuya."

Nilikaa chini. Alinieleza polepole, bila kulia. Alikuwa amesimama katikati ya ua na kiti mkononi. Taa mbili zikatokea kwenye kona ya migomba, nyeupe, zimekatwa pembeni, zikaja, zikaja, na yeye hakuweza kuweka kile kiti chini. Nilimuuliza kama tukiibadilisha uso itamsaidia. Akasema hapana, hata wakiivisha uso wa ndege ataijua tu. Akasema wengine waoshe taa, yeye hatoweza, na nisimkasirikie.

Maisha yangu yote, vijana, nimezunguka magari kwa nje. Nimetazama nyuso zao asubuhi na jioni, kavu na zimelowa. Siku moja tu niliyotakiwa kuona uso wa gari, nilikuwa nimekaa ndani.

Siku ya arusi gari la Mbarara likafika na maua. Prado, taa nyembamba, mdomo wa kambare. Vijana wa mtaa wakalizunguka na simu. Mimi nilisogea tu kwa mazoea, nikatoa leso, nikaiweka juu ya kiganja nikapitisha kwenye boneti. Dereva akaruka.

"Usishike, mzee. Hii ni mupya, utaacha alama."

Nilimwomba afungue boneti niangalie kama maji yapo, maana amepanda vilima. Akafungua huku ananung'unika. Nikainama, nikapapasa ukingo wa ndani kwa kidole. Nukta tatu.

Haki ya Mungu, maneno yalinifika mpaka hapa kooni. Watu walikuwa wamejaa, na wale mamas wa kikao walikuwa mbele kabisa wakisifia gari la kisasa. Neno moja tu na ningewaonyesha wote kwamba wanapiga picha kizee kilichovishwa kitoto na mimi mwenyewe. Neema akatoka nyumbani na gauni lake. Akalitazama lile gari, uso wa gari, moja kwa moja, na akatabasamu.

Nikafunga boneti. Nikapitisha leso tena kutoka taa ya mbele mpaka mlangoni, na mstari ulikuwa umenyooka, hakuna mtu angeunyoosha zaidi. Nikamfungulia binti yangu mlango.

Mimi na mamas tulifuata na Pijo. Lakini nilimwambia dereva wetu asubiri mpaka Prado imepotea kabisa, halafu apite njia ya nyuma ya soko, ili Neema akigeuka asituone tunakuja. Mamas waliuliza sababu. Niliwaambia njia kuu ina vumbi.

Sasa, Inosenti, nakuandikia wewe mbele ya wenzako. Mamas wanasema Neema hakupanda, kwa hiyo maneno yao yamesimama na utakuja na msumeno baada ya mavuno. Usije. Ukitaka kuisaidia kwaya, njoo na msasa na rangi, tutaifanya nyeupe mpaka hao ndugu wa Kanada wafumbe macho. Plastiki yako haitamfutia mtu alichokiona kona ya migomba, na atakayeolewa kesho na hana kilio cha Neema, mwache aoshe taa nzuri kabla hatujasahau zilivyokuwa. Ukiikata nitajua, na sitakufokea, nitakuja tu nikae mbele ya gereji yako na kiti changu kila siku nikikutazama.

Na siku yangu ikifika, nitakuwa hospitali hapo Mbarara kama wengine. Mje mnichukue na Pijo, na uso wake ule ule. Ila msimwache Neema asubiri uani. Mpitieni kwanza nyumbani, mje naye Mbarara, na wakati wa kurudi mwekeni kiti cha mbele, nilipokaa mimi.